Adriano Atiman, Mganga wa Karema

Katika kitabu hiki cha jubilei yafaa tumkumbuke mtu ambaye hakuwa askofu wala padre, bali katekista kama sisi, na tena mganga wa wagonjwa. Jina lake Adriano Atiman. Sisi tukaao Kintinku tuna sababu ya kumjua. Zamani njia ya misafara itokayo pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii ya Ugogo, na watumwa walipitishwa humo wamefungwa shingo. Atiman naye aliuzwa kama hao, ingawa kwa njia nyingine, mbali sana na hapa.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alikamatwa na wezi wa watu, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mnamo mwaka wa 1876 Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa na shauri lake: vijana waliokombolewa wafundishwe uganga, wakawaponye Waafrika wenzao na kuishi kati yao. Basi Atiman akapelekwa kisiwani Malta kusoma uganga katika chuo kikuu, hata mwaka wa 1888. Mwaka huohuo Kardinali alizunguka Paris, London na Brussels, akiwaeleza watu wa Ulaya ubaya wa biashara ya watumwa.

Kijana mwenye elimu ile angeweza kujitafutia maisha ya raha. Lakini Atiman alishika safari, akashuka Zanzibar, akaenda bara kwa miguu pamoja na msafara, na mwaka wa 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma pande zile. Kwa mfanya biashara, mtumwa aliyeugua alikuwa mali iliyoharibika, huachwa njiani afe. Kwa mganga huyu aliyewahi kutiwa bei yeye mwenyewe, mgonjwa alikuwa mtu, wala mtu hana bei. Hapo ndipo kazi yake ya uganga ilipokuwa pia kazi ya kutetea haki.

Akamwoa Agnes Wansabira, binti wa mtemi wa Wabende, na mwana wao Yosefu akawa padre. Hivyo mgeni aliyetoka ng'ambo ya jangwa akawa mwenyeji wa Karema. Dawa alizojifunza Malta hazikumfanya adharau dawa za miti za wenyeji, bali alijifunza na hizo pia. Alipambana na ndui, malale na vidonda, na mchana akifundisha dini, usiku aliweza kuitwa kwa mgonjwa. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria katika Tanganyika, mwaka wa 1922, yeye alikuwa amekwisha kutibu watu miaka 33. Mwaka wa 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki Karema mwaka wa 1956, umri wake yapata miaka 90, baada ya kuitumikia nchi ile miaka 67.

Hata leo wako waganga na wauguzi waendao penye vita, njaa na maradhi, wakamtibu kila mtu bila kuuliza kabila wala dini yake, na wanyonge wakionewa hawanyamazi. Wengine hulipa kwa uhai wao. Tukiwaheshimu hao, tunamheshimu na Atiman. Nanyi walimu, wasimulieni watoto habari zake, wajue ya kuwa mtoto aliyeuzwa kama mbuzi alikuja kuwa tegemeo la wagonjwa wa nchi nzima. Na mgonjwa asiye na ndugu akifika mlangoni petu, tusimwulize kwanza ametoka wapi.