Joseph Bramah: Seremala aliyeyapa maji nguvu ya kubana

MWAKA 1795 seremala mmoja wa Kiingereza, Joseph Bramah, alipewa hati ya uvumbuzi wa mashine ambayo kwenye karatasi haikuwa na kasoro, lakini ndani ya karakana ilikuwa ikivuja. Ilikuwa mashine ya kubana kwa nguvu ya maji. Ufumbuzi wa mvujo huo ulikuja kuwa pete ya ngozi isiyojaa kiganja, na aliyeibuni, kwa mujibu wa simulizi inayokubaliwa na wengi, hakuwa Bramah bali kijana aliyekuwa akimlipa ujira wa wiki.

Kila jeki inayoinua lori, kila kijiko kinachochimba mitaro barabarani na kila koleo la mashine linalokamata chuma cha moto kiwandani vina deni kwa watu hao wawili, ambao mwishowe waliachana kwa ajili ya shilingi chache.

Bramah alizaliwa Aprili 1748 katika shamba la Stainborough, karibu na mji wa Barnsley, Yorkshire. Baba yake alikuwa mkulima, na jina la ukoo liliandikwa Bramma. Ni yeye aliyelibadilisha baadaye. Alisoma katika shule ya kijiji cha Silkstone, na kwa desturi ya wakati ule jembe ndilo lililokuwa likimngoja. Akiwa na umri wa miaka 16 aliumia kifundo cha mguu, na kazi ya shamba ikamshinda. Akapelekwa kwa seremala wa kijijini kujifunza ufundi. Alipohitimu alikwenda London, akawa mtengenezaji wa makabati.

Umaarufu wake wa kwanza ulitoka mahali ambapo watu wengi hawapendi kupataja. Alipokuwa akifunga vyoo vya maji katika nyumba za matajiri wa London aligundua kuwa wakati wa baridi kali maji yaliganda na vyoo vikagoma. Akabuni kilango chenye bawaba mahali pa kile cha kuteleza kilichokuwa kikitumika, na mwaka 1778 akapata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi. Huenda ndiko alikojifunza jambo ambalo wanafalsafa wa vitabuni walilipuuza: maji hutafuta upenyo, na fundi asiyeweza kuuziba hana mashine.

Mwaka 1784 alipata hati nyingine, safari hii ya kufuli. Hilo halikufanana na kufuli za siku zile, kwani ufunguo wake ulikuwa bomba dogo lililosukuma vibao kadhaa kwa vina tofauti kwa wakati mmoja. Bramah aliliamini mno. Aliliweka katika dirisha la duka lake, namba 124 mtaa wa Piccadilly, pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Lilikaa hapo miaka na miaka. Alikuja kulifungua Mmarekani Alfred Charles Hobbs mwaka 1851, wakati wa Maonesho Makuu ya London, baada ya saa 51 za kazi zilizogawanywa katika siku 16. Bramah alikuwa amekwisha kufa zamani.

Kufuli hizo zilihitaji vipande vinavyolingana kwa usahihi ambao mikono ya mafundi wa kawaida haikuuweza. Katika kumtafuta mtu wa kazi hiyo, Bramah alielekezwa kwa kijana wa miaka 18 wa Woolwich, Henry Maudslay, aliyekuwa mhunzi katika karakana za silaha za serikali. Haukupita muda mrefu Maudslay akawa msimamizi wa karakana nzima. Alimwoa hata mtumishi wa nyumbani kwa bwana wake.

Hapo ndipo ilipokuja ile mashine ya maji. Kanuni yake haikuwa mpya. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, alikuwa ameeleza kuwa shinikizo linalowekwa kwenye maji yaliyofungwa huenea sawasawa pande zote. Ukiisukuma pistoni ya sentimita moja ya mraba kwa nguvu ya kilo 10, pistoni ya sentimita 100 za mraba iliyounganishwa nayo kwa bomba itasukumwa kwa nguvu ya kilo 1,000. Gharama yake ni mwendo: pistoni ndogo lazima isukumwe mara 100 ya umbali utakaotembewa na kubwa. Kwa zaidi ya miaka 130 kanuni hiyo ilikaa vitabuni kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuyazuia maji yasitoke pembeni mwa pistoni.

Tatizo lilikuwa na pande mbili, na upande wa pili ndio uliokuwa mgumu. Kuiziba pistoni kwa kuikaza kwa nguvu kuliwezekana. Lakini pistoni iliyokazwa kiasi cha kuzuia maji yenye shinikizo kubwa ilinasa, na shinikizo lilipoondolewa haikurudi chini. Ikilegezwa ili irudi, ilivuja.

Mhandisi James Nasmyth, aliyefanya kazi kwa Maudslay miaka ya baadaye, ni miongoni mwa waliosimulia kuwa jawabu lilitoka kwa Maudslay. Alichukua ngozi, akaifinyanga iwe pete yenye mfereji, mithili ya herufi U ukiikata na kuitazama ubavuni. Aliiweka kwenye shingo ya silinda, mdomo wa mfereji ukielekea maji. Maji yalipobanwa yaliingia kwenye mfereji na kuzitanua kingo za ngozi, ukingo mmoja ukaigandamiza pistoni na wa pili ukuta wa silinda. Kadiri shinikizo lilivyopanda ndivyo pete ilivyojikaza. Liliposhuka, ngozi ililegea yenyewe na pistoni ikarudi bila kunasa. Adui ndiye aliyefanywa mlinzi. Yeyote aliyewahi kufungua pampu ya baiskeli ya zamani ameiona ndugu yake: ile washa ya ngozi yenye umbo la kikombe, ambayo ikikauka pampu haisukumi kitu mpaka ipakwe mafuta.

Mwaka 1797 Maudslay, akiwa sasa na familia, aliomba nyongeza ya ujira wake wa shilingi 30 kwa wiki. Bramah alikataa. Ni vigumu kumtetea katika hilo, maana hakuna mtu London aliyejua thamani ya kijana huyo kuliko yeye. Maudslay aliondoka na kufungua karakana yake karibu na Oxford Street. Baadaye alitengeneza mashine maarufu za kuchonga kapi za meli huko Portsmouth, na mikononi mwake wakapita vijana waliokuja kuwa wahandisi wakubwa wa Uingereza, akiwemo Joseph Whitworth. Bramah naye hakusimama. Alibuni pampu ya kuvuta bia kutoka ghala la chini la baa, na mwaka 1806 mashine ya kuchapa namba za noti kwa ajili ya Benki Kuu ya Uingereza.

Mbegu aliyoipanda ilichukua muda kuota kwa wingi. Mwaka 1849 mitambo ya kubana kwa maji iliinua mabomba makubwa ya chuma ya daraja la Britannia, huko Wales. Silinda ya mtambo mmoja ilipasuka katikati ya kazi. Mwaka 1961 mashine iitwayo Unimate, inayohesabiwa kuwa roboti ya kwanza ya kiwandani, iliwekwa katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ili kutoa vipande vya chuma vya moto kutoka kwenye kalibu. Mkono wake uliendeshwa kwa haidroliki, ingawa maji yalikuwa yamekwisha kuachia nafasi mafuta.

Mbunifu wa koleo la mashine leo bado anapiga hesabu zile zile. Tuseme koleo lenye vidole viwili linakamata kipande laini cha chuma cha kilo 5, na msuguano kati ya kidole na chuma ni 0.2. Kila kidole lazima kibane kwa nguvu ya kilo 12.5 ili kipande kisiteleze tu, na mbunifu mwenye busara huzidisha mara mbili au zaidi, kwa kuwa mkono wa mashine hauachi kutikisika. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 32, ikisukumwa na hewa ya shinikizo la kawaida la viwandani, yaani bar 6, hutoa nguvu ya takriban kilo 48. Hiyo inatosha kwa mizigo midogo, na hewa ina fadhila zake: ni safi, ni nyepesi, na ikivuja haichafui kitu.

Pistoni hiyo hiyo ikisukumwa kwa mafuta yenye shinikizo la bar 100 hutoa nguvu ya takriban kilo 800, bila koleo kuongezeka unene. Ndiyo maana kazi nzito katika nafasi finyu huachiwa mafuta. Lakini palepale linarudi swali la mwaka 1795, kwa sababu shinikizo kubwa katika chombo kidogo halisamehi pengo hata la unywele. Ngozi imeachwa, mpira na plastiki ngumu vimeshika mahali pake. Umbo la herufi U lingalipo, na mdomo wake bado unaelekea shinikizo. Tena mbunifu hana budi kuongeza springi au vali ya kuzuia mafuta yasirudi nyuma, ili bomba likipasuka koleo lisiuachie mzigo juu ya kichwa cha mtu.

Bramah hakuyaona hayo, ingawa aliyakaribia. Mwaka 1812 alipata hati iliyopendekeza kusambaza nguvu za maji kwa mabomba mjini, wazo ambalo London ililitekeleza kibiashara miaka ya 1880. Majira ya baridi ya 1814 alikuwa katika msitu wa Holt, Hampshire, akisimamia mwenyewe mashine yake ya maji iking'oa miti mikubwa pamoja na mizizi. Alikuwa na umri wa miaka 66, na kazi ilifanyika nje, kwenye baridi na unyevu. Akapatwa na baridi, ikageuka kichomi, na tarehe 9 Desemba mwaka huo akafariki nyumbani kwake Pimlico. Lile kufuli la dirishani sasa limo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London.