SEREMALA WA VITOFALI

Waliolonga walilonga kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii inamfaa sana Ole Kirk Christiansen, seremala wa Denmaki aliyeanzisha kampuni ya LEGO.

Wenzangu, nilianza kumfuatilia mzee huyu kwa sababu ya matatu. Si matatu za Jogoo Road, la! Ni ile niliyounda na mdogo wangu kwa vitofali vya plastiki ambavyo mama alinunua Gikomba, fungu moja la mitumba. Mwanzo magurudumu yalisugua bodi, gari likakataa kwenda. Tukalibomoa. Tukainua bodi kwa safu moja ya vitofali vyembamba, tukajaribu tena, likaenda upande kama mlevi. Tukabomoa tena. Mara ya nne likabingirika moja kwa moja hadi chini ya kitanda! Nikajiuliza, ni nani huyo aliyebuni vitu vinavyoshikana bila gundi wala misumari?

Ole Kirk alizaliwa tarehe 7 Aprili 1891 karibu na kijiji cha Filskov, katika jamaa maskini yenye watoto wengi. Alifunzwa useremala na kaka yake, akafanya kazi Ujerumani na Norwe, na mwaka 1916 akanunua karakana katika kijiji cha Billund. Huko alijenga nyumba na kuunda fanicha za wakulima.

Mwaka 1924 wanawe wawili walichezea moto ndani ya karakana. Maranda yakashika, na karakana pamoja na nyumba yao vikateketea. Ole Kirk akajenga upya. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, wakulima wakakosa pesa, wateja wakapotea. Mwaka 1932 mkewe, Kristine, akafariki na kumwachia wavulana wanne. Ama kweli msiba hauji peke yake.

Je, alikaa tu akajikunyata? Hata! Mwaka huo huo alianza kuunda vitu vidogo ambavyo watu wangeweza kununua: ngazi, meza za kupigia pasi, na vichezeo vya mbao. Mwaka 1934 aliipa biashara yake jina LEGO, kutoka kwa maneno mawili ya Kideni yenye maana ya cheza vizuri.

Kisa kinachonipendeza zaidi ni cha bata wa mbao. Desturi ilikuwa kuwapaka vanishi mara tatu. Siku moja mwanawe Godtfred aliwapaka mara mbili tu, akawapeleka stesheni ya reli, kisha akajigamba kwa baba kwamba ameokoa pesa. Baba hakufurahi hata kidogo. Alimwamuru arudi stesheni, awachukue bata wote, awapake mara ya tatu na kuwafunga upya, tena peke yake, hata kama angekesha. Mtoto hakuthubutu kurudia.

Mwaka 1942 kiwanda kiliungua tena, naye akajenga tena. Mwaka 1946 alinunua mashine ya kuunda plastiki, na mwaka 1949 vitofali vya kwanza vikatoka. Wazo la vitofali lilitokana na vile vya Kiddicraft vya Mwingereza Hilary Fisher Page. Vya mwanzo vilikuwa vitupu ndani na havikushikana barabara. Ilichukua miaka mingi ya kurekebisha, hadi Januari 28, 1958, Godtfred alipoomba hataza ya vitofali vyenye mirija ndani. Sasa vilishikana ndi! Vitofali sita tu vya rangi moja, vyenye vinundu vinane kila kimoja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765.

Ole Kirk aliaga dunia Machi 11, 1958, wiki chache tu baadaye. Magurudumu ya LEGO yalitoka mwaka 1962, kwa hivyo hakuwahi kuona gari kama letu.

Nimeandika haya kwa sababu baba yangu pia ni fundi mbao. Mwaka jana kibanda chake kiliungua usiku mmoja, pamoja na mbao, randa na vitanda vitatu vya wateja. Kwa miezi miwili alikaa nyumbani bila kusema mengi. Jioni moja nilimsimulia habari za seremala wa Billund. Alisikiliza, akauliza kama mioto yote miwili ilikuwa ya mtu huyo huyo mmoja, kisha akanyamaza. Wiki iliyofuata aliazima randa kwa jirani.

Siku hizi Jumamosi mimi humsaidia kupaka vanishi stuli. Nikichoka baada ya mara ya pili, yeye hunitazama tu, nami najua. Narudi kwenye mkebe.