Lettow-Vorbeck: jenerali Mjerumani aliyesifiwa kuwa hakushindwa, na Waafrika waliolipa gharama ya sifa hiyo

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kumalizika Ulaya, jenerali mmoja wa Ujerumani aliweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, kaskazini mwa Zambia, si mbali na ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika. Alikuwa amebaki na Wazungu 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi na wanawake waliofuata msafara. Jina lake lilikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa miaka minne alikuwa amewahangaisha Waingereza, Wabelgiji na Wareno bila kukamatwa.

Ujerumani ilimpokea kama shujaa. Lakini kwa watu wa Tanzania, Rwanda, Burundi, Msumbiji na mashariki mwa Kongo, hesabu ya vita vile ni nyingine kabisa.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 mjini Saarlouis, karibu na mpaka wa Ufaransa, katika ukoo wa kikabaila wenye asili ya Pomerania. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na yeye mwenyewe alitiwa katika shule ya kijeshi akiwa bado mtoto. Mwaka 1900 alipelekwa China, pamoja na majeshi ya kigeni yaliyokwenda kuzima uasi wa Mabondia.

Mwaka 1904 alifika kwa mara ya kwanza Afrika, katika koloni la Ujerumani ambalo leo ni Namibia. Alitumika katika ofisi ya Jenerali Lothar von Trotha, aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mnamo Oktoba mwaka huo. Makumi ya maelfu ya Waherero na Wanama walikufa kwa risasi, kwa kiu jangwani na katika kambi za wafungwa. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji hayo kuwa ya kimbari. Lettow-Vorbeck alitoka kule na jeraha la jicho la kushoto, na akiwa amejifunza jinsi ya kupigana porini, mbali na reli na bohari.

Vita ambavyo gavana hakuvitaka

Januari 1914 alishuka Dar es Salaam akiwa kamanda mpya wa jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo. Jeshi hilo lilikuwa na Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Vita vilipoanza Agosti, gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae kando, akitegemea mkataba wa Berlin wa 1885 uliotoa nafasi kwa makoloni ya sehemu hii ya Afrika kutojiingiza katika vita vya Ulaya. Kwa sheria, gavana ndiye aliyekuwa mkubwa wa kamanda. Lettow-Vorbeck hakumsikiliza.

Hesabu yake ilikuwa hii: Ujerumani haingeweza kulilinda koloni, na mshindi wa vita angejulikana Ulaya. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuwavuta maadui wengi kadiri iwezekanavyo waje Afrika na kukaa huko muda mrefu. Kuwalinda wakaaji wa koloni hakukuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Kwa Kongo, vita vilifika mapema. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, kwenye ziwa Tanganyika. Tumaini la Brussels la kuiacha Kongo nje ya vita likaisha.

Ushindi wa kwanza wa Lettow-Vorbeck ulikuwa Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha watu wapatao 8,000 kutoka India. Yeye alikuwa na wapatao 1,000. Baada ya siku chache Waingereza walirudi melini na kumwachia bunduki za rashasha na risasi zaidi ya laki tano. Meli ya vita Königsberg ilipoangamia mtoni Rufiji mwaka 1915, mizinga yake ilitolewa na kuburutwa na watu nchi kavu.

Kutoka Kivu hadi Tabora

Mwaka 1916 mambo yaligeuka. Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliingia kutoka kaskazini. Upande wa magharibi, Force Publique chini ya Jenerali Charles Tombeur ilivuka mpaka kutoka Kivu, ikaingia Kigali mwezi Mei, ikashika Kigoma, na tarehe 19 Septemba ikaingia Tabora. Ushindi huo ndio uliowapa Wabelgiji nguvu ya kudai Rwanda na Burundi baada ya vita. Mwaka uliofuata askari wa Kongo walifika hadi Mahenge.

Nyuma ya askari hao walikuwa wapagazi wapatao 260,000 waliokusanywa Kongo kwa ajili ya vita hivyo. Malori yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Kila sanduku la risasi na kila gunia la mchele vilibebwa kichwani. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na kuhara, homa na njaa viliwaua kuliko risasi. Upande wa Waingereza, vifo vya wapagazi vinakadiriwa kuwa karibu 100,000.

Lettow-Vorbeck naye alikuwa akirudi nyuma kuelekea kusini. Alipigana Mahiwa Oktoba 1917, pambano lililomwaga damu nyingi pande zote mbili, na kipindi hichohicho akapandishwa cheo kuwa meja jenerali. Mwezi uliofuata alivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, koloni la Wareno, akanyang'anya silaha na chakula huko. Septemba 1918 alirudi Tanganyika, kisha akaingia Zambia ya leo. Habari za kwisha kwa vita zilimfikia baada ya kuteka Kasama.

Jeshi lisilo na bohari hula chakula cha wanavijiji. Ghala zilichukuliwa, mifugo ikachinjwa, wanaume wakapelekwa kubeba mizigo na mashamba yakabaki bila walimaji. Majeshi yote yalifanya hivyo. Huko Ugogo, katikati ya Tanzania, ukame ulipoongezeka juu ya hayo, ilikuja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000. Kisha yakafuata mafua makali ya 1918.

Hata lengo lake la kuwavuta maadui kutoka Ulaya halikutimia vizuri. Waliomkimbiza hawakuwa hasa askari ambao wangetumika Ufaransa. Wengi walikuwa Wahindi na Waafrika Kusini, na mwishoni karibu wote walikuwa Waafrika wakipigana na Waafrika wenzao.

Baada ya sherehe

Machi 1919 Lettow-Vorbeck alipita juu ya farasi katika lango la Brandenburg, Berlin, akishangiliwa. Mwaka huohuo aliongoza askari walioingia Hamburg kuzima ghasia za raia. Machi 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali. Lilishindwa, naye akaondolewa jeshini. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wazalendo wahafidhina. Wakati wa Hitler hakupewa madaraka makubwa, ila mwishoni mwa miaka ya 1930 alipewa heshima ya cheo cha jenerali wa jeshi la miguu. Watoto wake wawili wa kiume walikufa katika Vita ya Pili ya Dunia.

Mwaka 1953 alirudi Tanganyika kutembea, na askari wake wa zamani wakaja kumsalimu. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akiwa karibu na umri wa miaka 94. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai mishahara yao ya zamani. Malipo hayo yaliwahusu wale waliobeba bunduki. Waliobeba mizigo hawakuwamo.

Nchini Ujerumani jina lake limeondolewa katika mitaa na kambi kadhaa. Hannover, barabara iliyoitwa kwa jina lake sasa inaitwa Namibia. Upande wa wapagazi, wengi walizikwa kando ya njia bila jina kuandikwa. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara wengi wa Kongo huenda kununua bidhaa, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi mahali hapo.