Martín Dihigo, Mtu wa Kazi Tisa

Katika bahari iliyo kusini ya Marekani kipo kisiwa kirefu kiitwacho Kuba. Nchi yake ni ya rutuba, na kwa miaka mingi mali yake kubwa ilikuwa mashamba ya miwa. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa waliotolewa Afrika kwa merikebu, wao na watoto wao na wajukuu wao, hata utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1886. Katika jimbo la Matanzas, penye viwanda vingi vya sukari, alizaliwa mtoto mwanamume, mmoja wa wazao wa watu wale, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Jina lake Martín Dihigo.

Watu wa Kuba hupenda sana mchezo wa besiboli. Mchezo huu huchezwa na vikosi viwili, kila kimoja watu tisa. Mmoja ni mrushaji, naye husimama katikati ya uwanja na kurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu na kwa hila. Mpigaji wa kikosi cha pili humngoja na gongo mkononi. Akiupiga mpira hukimbia kupita vituo vitatu mpaka arudi mahali alipoanzia, ndipo kikosi chake kihesabiwe alama. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, wanne hulinda vituo na nafasi zilizo kati yake, na watatu husimama mbali mwisho wa uwanja, wadake mipira iendayo juu.

Kila mahali pana kazi yake. Mrushaji yataka awe na mkono wenye nguvu na akili ya kumdanganya mpigaji. Mdakaji yampasa kuvumilia maumivu. Mlinzi wa kituo awe mwepesi kama paka, na yule wa mbali awe na mbio na macho makali. Kwa sababu hiyo desturi ya wachezaji ni kuchagua mahali pamoja tangu ujana na kujifunza hapo mpaka mwisho. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Lakini Dihigo alishika yote tisa.

Alikuwa kijana mrefu, kimo chake kikipita futi sita, mwembamba, mwenye mikono mirefu na miguu ya mbio. Alipokuwa hajatimiza miaka 20 alikwisha kuingia katika vikosi vya watu wazima walipwao mshahara. Mwaka 1923 akavuka bahari kwenda Marekani pamoja na kikosi kilichoitwa Cuban Stars. Kiingereza hakukijua, na baridi ya nchi ile hakuizoea.

Huko aliona jambo lililomhuzunisha. Marekani ilikuwa na ligi kubwa mbili zenye viwanja vizuri na mishahara minono, lakini mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza ndani yake. Haikuwapo sheria iliyoandikwa. Wenye vikosi walipatana tu kwamba hawatamwajiri, na mapatano yao yalikuwa na nguvu kama sheria. Mwaka ule ule wa 1923, mtu mwingine wa Kuba, jina lake Adolfo Luque, alipata sifa kuu katika kikosi cha Cincinnati, akashinda michezo 27 kwa kurusha. Luque alikuwa mtu wa ngozi nyeupe. Dihigo alikuwa mweusi. Wote wawili walitoka kisiwa kimoja, wakasema lugha moja, wakajifunza mchezo mmoja. Lakini mmoja alifunguliwa mlango, na wa pili akafungiwa.

Basi Dihigo akacheza katika ligi za watu weusi. Kazi yao ilikuwa ngumu. Walisafiri usiku kucha, wakafika asubuhi wakacheza, na pengine wakacheza tena mara ya pili siku ile ile. Katika miji mingi hawakupokelewa katika hoteli wala mahali pa kulia chakula. Tena vikosi vyao havikuwa na fedha ya kuwalipa watu wengi. Mchezaji mmoja akiumia, ilikuwa shida kumpata wa kusimama mahali pake.

Hapo ndipo ustadi wa Dihigo ulipoonekana. Leo alilinda kituo cha pili, kesho akasimama mwisho wa uwanja, na kesho kutwa akapewa mpira arushe. Kila alipopelekwa alikwenda, akafanya kazi kama mtu aliyezaliwa kwa kazi ile. Lakini ustadi huo haukuja kwa bahati. Mwanzo warushaji wa Marekani walimshinda kwa mipira ipindayo njiani, akapunga gongo hewani. Yeye hakukata tamaa wala hakuona haya kujifunza. Alijizoeza mpaka mipira ile ikawa haimtishi tena, na mwisho warushaji ndio waliomwogopa.

Kwa kuwa majira ya baridi ya Marekani hayana besiboli, mwaka ulipokwisha alirudi kwao Kuba akacheza huko. Katika majira ya 1935 hadi 1936 alikiongoza kikosi cha Santa Clara. Alikuwa msimamizi wao, na mrushaji wao, na mpigaji wao. Kikosi kile kikatwaa ubingwa wa Kuba.

Walakini hakuna mtu asiyekosa, na Dihigo naye alikosa mara moja mbele ya watu wengi. Mwaka 1935 alikuwa mchezaji na msimamizi wa kikosi cha New York Cubans. Wakashindania ubingwa wa ligi ya watu weusi na kikosi cha Pittsburgh Crawfords, ambacho kilikuwa na wapigaji wa kuogopwa kama Josh Gibson na Oscar Charleston. Ilikuwa michezo saba, na atakayeshinda minne ndiye bingwa. Ulipofika mchezo wa sita, Cubans walikuwa wamebakiza ushindi mmoja tu. Wakatangulia kwa alama, na mchezo ukakaribia kwisha. Mrushaji wao kijana alikuwa akifanya kazi njema.

Ndipo Dihigo alipoamua kumwondoa kijana yule na kuingia yeye mwenyewe kurusha. Alijua kwamba aweza kazi ile, maana alikuwa ameifanya mara nyingi. Lakini siku ile mkono wake haukumtii. Crawfords wakaipiga mipira yake, wakashinda mchezo ule, na siku ya saba wakashinda tena, wakachukua ubingwa. Watu wakamlaumu sana. Wengine walinena kwamba aliye hodari wa kazi zote asitake kuzifanya zote saa moja, bali awaachie wenziwe sehemu yao. Neno hilo lilikuwa kweli, na Dihigo hakuwa na la kujibu.

Mtu mwingine angalivunjika moyo, lakini yeye alirudi kazini. Mwaka 1937 akaenda Meksiko, ambako mtu mweusi alipokewa katika hoteli yo yote na kucheza pamoja na watu wa kila rangi. Mwaka ule ule alirusha mchezo mzima bila mpinzani hata mmoja kuupiga mpira wake na kufika kituoni kwa pigo lake. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea katika ligi ya Meksiko tangu ilipoanzishwa mwaka 1925.

Mwaka 1938, katika kikosi cha Veracruz, alifanya ajabu iliyo kubwa zaidi. Kama mrushaji alishinda michezo 18, akashindwa 2 tu. Wapinzani hawakupata kwake hata alama moja kamili kwa kila mchezo, ukichukua wastani. Na kama mpigaji, katika kila mara 1,000 angalifaulu mara 387, hata akawapita wapigaji wote wa ligi ile. Mpigaji anayefaulu mara 300 katika 1,000 huhesabiwa kuwa hodari. Basi katika mwaka mmoja mtu huyu alikuwa wa kwanza wa kurusha na wa kwanza wa kupiga. Watu wa Kuba wakamwita Asiyekufa, na kwingine akaitwa Mwalimu.

Mwaka 1947 mapatano yale mabaya ya Marekani yalivunjika, Jackie Robinson alipoingia katika kikosi cha Brooklyn Dodgers. Watu weusi wakafurahi kila mahali. Lakini kwa Dihigo mlango ulifunguliwa jua likiwa limekwisha kuchwa. Umri wake ulikuwa umepita miaka 40, na nguvu za ujana zilikuwa zimekwisha tumika katika viwanja vya vumbi, mbele ya watu ambao habari zao hazikuandikwa katika magazeti makubwa. Hakucheza katika ligi kubwa hata siku moja.

Alipoacha kucheza hakuuacha mchezo. Alisimamia vikosi, akatangaza habari za michezo katika redio. Mwaka 1952 Fulgencio Batista alipotwaa serikali ya Kuba kwa nguvu za askari, Dihigo hakupendezwa, akaiacha nchi yake akakaa Meksiko. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1959 alirudi kwao. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana, na alikuwa na mengi ya kuwafundisha, maana hapakuwa mahali uwanjani asipopajua.

Martín Dihigo alikufa mwezi wa Mei mwaka 1971 katika mji wa Cienfuegos, akazikwa Cruces, mji mdogo ulio karibu. Alipokuwa hai Kuba ilikwisha kumweka katika Jumba la Sifa la wachezaji wake mwaka 1951, na Meksiko ikafanya vivyo hivyo mwaka 1964. Marekani ilichelewa. Mwaka 1977, miaka sita baada ya kufa kwake, jina lake liliwekwa katika Jumba la Sifa la Cooperstown, naye akawa mtu wa kwanza wa Kuba kupewa heshima hiyo. Nchi iliyomfungia mlango ikamwandika miongoni mwa wakuu wa mchezo wake, lakini mwenyewe hakuwapo kuyaona.

Mtu huyu hakuchagua kazi iliyo na sifa na kuidharau isiyo na sifa. Alifanya kila aliyopewa, akaifanya vema. Na alipokosa, alisimama tena. Wako watu wanaongojea mlango ufunguliwe ndipo waanze kazi. Dihigo hakungoja. Mlango mmoja ulipofungwa alifanya kazi mahali alipokuwa, na kazi yake ndiyo iliyosema kwa niaba yake hata baada ya yeye kunyamaza.