Alan Blumlein na Santuri ya Njia Mbili

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zake katika santuri, sauti yake na ala za wenziwe zilipita zote katika njia moja. Aliyezisikiliza Unguja au Mombasa aliwasikia wamebanana mahali pamoja, asijue udi uko kulia au kushoto. Ndivyo zilivyokuwa santuri za dunia nzima wakati huo. Kampuni iliyozitoa, ile yenye nembo ya mbwa, iliungana na Columbia ya London mwaka 1931 ikawa EMI, na humo ndimo alimofanya kazi kijana aliyelifungua fundo hilo, Alan Dower Blumlein.

Alizaliwa London tarehe 29 Juni, 1903. Alipoingia Columbia mwaka 1929, kazi yake ya kwanza ilikuwa kubuni mtambo wa kukata santuri, ili kampuni iache kuwalipa Wamarekani ada. Akafaulu.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1931 alikwenda sinema na Doreen Lane, aliyemwoa baadaye. Mchezaji alivuka pazia lote, lakini sauti yake ikabaki palepale kwenye spika. Blumlein akamweleza Doreen kuwa anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mwenyewe. Tarehe 14 Desemba mwaka huohuo akaomba hati ya uvumbuzi, naye ana miaka 28 tu.

Ziko njia nyingi za kuipa sauti mahali pake, na kazi ni kuchagua. Wataalamu wa Bell huko Marekani, mwezi Aprili 1933, waliupeleka muziki wa okestra ya Philadelphia hadi Washington kwa njia tatu: maikrofoni tatu, laini tatu, spika tatu. Kazi ya kupendeza, lakini nyumba ya nani ingebeba mitambo hiyo? Blumlein alitaka mbili. Alifahamu kwamba spika mbili zikilia chumbani, kila sikio huzisikia zote. Basi akaweka maikrofoni mbili pahali pamoja, kila moja ikitazama upande wake, na tofauti ya nguvu kati yao ndiyo imwonyeshe msikilizaji alipo mwimbaji. Kisha akazitia njia zote mbili katika mchirizi mmoja wa santuri, kila ukuta wa mchirizi ukibeba yake, na sindano moja ikatosha. Tena mtikisiko wa kwenda kando hubeba jumla ya pande zote mbili, hivyo hata mtambo wa njia moja haukosi mwimbaji wala mpigaji. Mimi naliona hili kuwa kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

Januari 1934, katika studio za Abbey Road, alirekodi mazoezi ya okestra ya London Philharmonic chini ya Sir Thomas Beecham. Mwaka 1935 ikapigwa filamu ya treni stesheni ya Hayes, mngurumo ukienda na treni. Lakini biashara ilikuwa imezorota, na kampuni ikamtia katika televisheni. Santuri zake zikawekwa kabatini.

Vita vilipokuja aliingia katika kazi ya rada. Tarehe 7 Juni, 1942, ndege ya Halifax iliyokuwa ikijaribu rada ya H2S ilishika moto ikaanguka Welsh Bicknor, karibu na mpaka wa Wales. Wote 11 walikufa. Chanzo kilikuwa nati ya injini isiyokazwa sawasawa. Blumlein alikuwa na miaka 38. Aliacha mjane na wana wawili.

Santuri za stirio zilifika madukani mwaka 1958, kwa mchirizi uleule wa kuta mbili. Katika miaka ya 1970 kampuni zilijaribu njia nne, lakini kila moja na mtindo wake usiopatana na wa mwenzake. Mnunuzi akachoka, biashara ikafa. Tangu 2012 kuna Dolby Atmos, inayoleta sauti hata kutoka darini. Hata hivyo kijana wa Mombasa anayerekodi taarabu leo huwapelekea watu wenye simu mkononi na spika mbili ndogo masikioni, na wengi wao humsikiliza kwa njia mbili za Blumlein.