Albert Cook, daktari aliyefungua njia ya Makerere

Kabla Dar es Salaam haijapata shule ya udaktari mwaka 1963, kijana wa Tarime aliyetaka kuwa daktari, njia ya karibu ilikuwa Makerere, Uganda.

Njia hiyo ilianza na Albert Cook. Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka 1870, alifika Kampala mwaka 1897 akitokea Mombasa, sehemu kubwa kwa miguu. Akaanzisha Hospitali ya Mengo.

Wagonjwa walifurika, madaktari hawakutosha. Cook akaandika kitabu cha maneno ya tiba kwa Kiganda, ili daktari mgeni amwelewe mgonjwa. Mwaka 1917 akafungua shule ya tiba kwa Waafrika. Mkewe Katharine, muuguzi, akafundisha wakunga.

Baadaye mafunzo ya tiba yakahamia Mulago, chini ya Makerere.

Cook alifariki mwaka 1951. Mengo inatibu hadi leo.