Jefferson: Rais aliyeandamwa na siri hadi kaburini

Thomas Jefferson alipoaga dunia Julai 4, 1826, katika makao yake ya Monticello, jimbo la Virginia nchini Marekani, aliacha swali lililokuwa limemwandama kwa miaka 24: je, alizaa watoto na mjakazi wake, Sally Hemings? Jibu lilisubiri hadi mwaka wa 1998, lilipotafutwa kwa chembechembe za DNA.

Jefferson alizaliwa Aprili 13, 1743, mwana wa mwenye mashamba. Alisomea sheria, akajitosa katika siasa na mwaka wa 1776 akaandika rasimu ya Azimio la Uhuru, lililotangaza usawa wa binadamu wote. Hata hivyo, maishani mwake alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Mwaka wa 1772 alimwoa Martha Wayles Skelton, aliyekuwa mjane. Baba mkwe alipofariki, watumwa wake walirithiwa na wanandoa hao. Miongoni mwao alikuwemo mtoto Sally, ambaye inaaminika alizaliwa na baba mmoja na Martha.

Martha alifariki mwaka wa 1782. Miaka mitano baadaye, Jefferson akiwa balozi jijini Paris, Sally, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi, alipelekwa huko akimsindikiza binti mdogo wa bwana wake. Waliporejea Virginia, Sally alijifungua watoto kadhaa. Wanne kati yao, Beverly, Harriet, Madison na Eston, walifikia utu uzima.

Mnamo 1802, Jefferson akiwa Rais, mwanahabari James Callender alichapisha madai kuhusu uhusiano huo. Rais hakuyajibu hadharani. Baada ya kifo chake, wajukuu wake waliwatwika lawama wapwa wa marehemu, Peter na Samuel Carr. Madison naye alisimulia gazetini mwaka wa 1873 kwamba baba yao alikuwa Jefferson. Kwa muda mrefu wanahistoria wengi waliamini wajukuu, wakapuuza neno la aliyezaliwa utumwani.

Kwa kawaida, mzozo kuhusu baba wa mtoto hutatuliwa kwa kulinganisha DNA ya pande zote, kwani mtoto hurithi nusu kwa mama na nusu kwa baba. Wahusika hawa walikuwa wamekufa zamani. Hivyo Dkt Eugene Foster na wenzake waligeukia kromosomu ya Y, ambayo baba humrithisha mwana wa kiume karibu bila mabadiliko.

Kwa kuwa Jefferson hakuacha mwana wa kiume wa ndoa, damu ilitolewa kwa wanaume watano wa kizazi cha Field Jefferson, ndugu ya babake. Kromosomu yao ililingana na ya mzao wa Eston. Ya ukoo wa Carr haikulingana kamwe.

Aidha, matokeo hayo hayangeweza kumtenga Jefferson na ndugu yake Randolph, kwani wote walikuwa na kromosomu hiyo moja. Ilibidi kumbukumbu zisaidie: zilionyesha kwamba Jefferson alikuwa Monticello kila Sally alipopata mimba. Mwaka wa 2000, wakfu unaosimamia makao hayo uliamua kwamba yaelekea sana yeye ndiye aliyekuwa baba.

Hali ni iyo hiyo katika upelelezi wa jinai. DNA isiyolingana humwondolea mshukiwa tuhuma kwamba damu iliyopatikana ni yake, lakini inayolingana huhitaji kupimwa pamoja na ushahidi mwingine.

Katika wasia wake, Jefferson aliwaachilia huru Madison na Eston. Jina la Sally halikuwemo. Januari 1827, watu 130 wa Monticello walipigwa mnada kulipa madeni ya marehemu. Sally aliachwa aishi na wanawe hadi alipofariki mwaka wa 1835.